Bei ya Usumbufu

Karatasi ilikuwa na mistari minne iliyopigwa taipu. Ardhi, hekta 0.0912. Nyumba na ua. Miti na mimea. Halafu, baada ya jumla ya hiyo yote, usumbufu, asilimia 15. Chini kabisa mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu ya bluu: kaburi 1.

Kukhu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pale nje, mgongo kwa barabara. Kukhu ni nyanya, kwa wasiojua Kiluhya. Miwani yake ilikuwa imekaliwa na mtoto wa binamu yangu wiki hiyo, kwa hivyo mimi ndiye niliyesoma. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni na nilikuwa na raha ya mtu ambaye hatimaye elimu yake inatumika nyumbani.

"Jumla, milioni moja, laki moja na elfu arobaini," nikamsomea. "Usumbufu, laki moja na elfu sabini na moja."

"Usumbufu ni nini?"

"Ni ile kuhangaika kwako, kukhu. Kuhama, kujenga ua mpya, kumhamisha guga."

Guga ndiye kaburi 1. Alizikwa mbele ya nyumba, kama wanavyozikwa wazee kwetu, na barabara ilipoamua kupanuka ilipanukia upande wake.

Kukhu alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Na nani aliwaambia kuhangaika kwangu ni kumi na tano?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia ni sheria, na yeye akanitazama vile wazee hutazama mtu aliyejibu swali lingine. Sasa imepita miaka. Chuo nilishaacha, nitaeleza kwa nini, na ninaandikia watu kwa malipo huku Nairobi. Lakini lile swali halikuniachia. Nimekaa maktaba, nimesoma sheria zilizoandikwa na watu ambao hawakuwa na haraka ya kueleweka, na jibu lake ninalo. Ni refu kuliko nilivyodhani, na halianzii Kenya.

*

Linaanzia India, mwaka 1894.

Kila serikali hujipa uwezo wa kuchukua ardhi ya mtu kwa kazi ya umma hata kama mwenyewe hataki. Barabara lazima ipite mahali. Bwawa lazima likae mahali. Kama kila mwenye shamba angeweza kukataa, au kudai bei ya kuokotwa hewani, hakuna reli ingefika popote. Hapo sina ubishi. Ubishi wote uko kwenye neno linalofuata: fidia. Ukinichukulia kitu ambacho sikuwa nakiuza, utanilipa nini, lini, na nani atapanga hiyo bei?

Waingereza waliokuwa wakitawala India walijibu kwa sheria ya kutwaa ardhi ya mwaka 1894. Sheria hiyo ilisema mwenye ardhi alipwe bei ya soko, halafu aongezwe asilimia 15 juu yake. Sababu iliandikwa wazi: kwa kuwa amelazimishwa. Yaani hata serikali ya kikoloni ilikiri kwamba bei ya soko peke yake haitoshi, kwa sababu soko ni mahali pa watu wawili wanaotaka kuuziana, na hapa mmoja hataki.

Miaka miwili baadaye, 1896, ujenzi wa reli ya Uganda ukaanza Mombasa. Waingereza walikuja na vitu vingi kutoka India: mafundi, vibarua, rupia, na sheria. Ile sheria ya 1894 ikatumiwa pia huku kupata ardhi ya reli. Ndiyo hiyo 15 ya kukhu. Ilishuka bandarini pamoja na mataruma.

Lakini tazama ilivyotumika. Pwani, katika ukanda wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza walikubali kwamba ardhi ina wenyewe, kwa hivyo fidia ilikuwa na mtu wa kulipwa. Ukishatoka ukanda huo ukaingia bara, mambo yakawa mengine. Maili moja kila upande wa reli ilitengwa kwa ajili ya reli. Mwaka 1899 wanasheria wa serikali kule London wakatoa maoni kwamba katika nchi isiyo na kile walichokiita utawala uliotulia, ardhi tupu ni ya kutolewa na Malkia. Mwaka 1902 ikaja sheria ya ardhi za Taji. Mlowezi angeweza kupewa shamba kwa mkataba wa miaka 99, na sheria ya 1915 ikaifanya miaka 999. Wakikuyu waliokutwa kwenye mashamba ya Kiambu na Limuru walipewa rupia chache kwa mazao na nyumba zao, kisha wakaambiwa wasogee. Walilipwa kwa kilichosimama juu ya udongo. Udongo wenyewe haukuwa kwenye hesabu.

Mwaka 1921 jambo hilo likatamkwa kortini. Katika kesi iliyokuwa kati ya Wakikuyu wawili, Isaka Wainaina na Murito wa Indangara, Jaji Mkuu Jacob Barth aliamua kwamba haki zozote ambazo Waafrika walikuwa nazo juu ya ardhi zilikuwa zimekwisha. Walikuwa wapangaji wa Taji, na mpangaji wa aina hiyo huondolewa mwenye nyumba akitaka. Mpangaji hana bei ya soko, kwa hivyo hana asilimia 15 ya juu yake.

*

Sasa nirudi kwetu, Kakamega, kwa sababu hapa ndipo hadithi hii inanihusu kwa damu.

Baada ya malalamiko mengi, mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya amana ya ardhi za wenyeji. Ilikuwa ahadi kubwa. Ardhi za hifadhi, yaani zile sehemu walizoachiwa Waafrika, zilitangazwa kuwa zao milele. Neno hilo, milele, lilikuwemo. Ikiwa serikali ingehitaji kipande kwa kazi ya umma, ingelazimika kuongeza kipande kingine cha ukubwa sawa mahali pengine, na kabla ya kufanya hivyo baraza la wenyeji lilipaswa kuhusishwa. Ardhi kwa ardhi. Mtu angepoteza mahali lakini hangepoteza kuwa na mahali.

Mwaka uliofuata, 1931, Mmarekani mmoja aliyeitwa Johnson alipata dhahabu kwenye mto Yala.

Mkumbuke hiyo ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi duniani. Bei ya mahindi na kahawa ilikuwa imeanguka, walowezi wengi walikuwa na madeni hadi shingoni. Habari ya dhahabu iliwafikia kama mvua. Mamia ya Wazungu wakafunga safari kuja kwetu na mahema, sururu na sahani za kuchekechea. Serikali ikamleta mtaalamu wa miamba, Sir Albert Kitson, naye akatoa picha ya matumaini. Babake kukhu alikuwa kijana wakati ule. Kukhu anasema mzee alikuwa akisimulia kwamba asubuhi moja waliamka wakakuta vigingi shambani, na hakuna aliyebisha hodi.

Hapo ndipo ile ahadi ilipofikiwa na bili. Sheria ya 1930 ilisema ukichukua ardhi, rudisha ardhi. Serikali ikatazama, ikaona kwamba Kavirondo Kaskazini ilikuwa imejaa watu, na kwamba kutafuta ardhi ya kubadilishana kungechelewesha uchimbaji na pengine kungegusa mashamba ya walowezi. Basi Desemba 1932 ikairekebisha sheria. Kwa ardhi ya kuchimba madini, sasa ingetosha kulipa pesa taslimu. Na baraza la wenyeji halingelazimika kuulizwa kwanza.

Ahadi ya milele ilidumu miaka miwili.

Watu walipiga kelele, na si huku tu. Uingereza kwenyewe Askofu Mkuu wa Canterbury alilalamika. Lord Lugard, mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kuipanulia Uingereza himaya Afrika, alikuwa miongoni mwa waliosema kwamba hii ni kuvunja neno. Waziri wa makoloni, Cunliffe-Lister, alitetea uamuzi. Hoja ilikuwa kwamba ardhi inachukuliwa kwa muda tu, mgodi ukiisha itarudi, na waathiriwa watalipwa fidia nzuri. Ukisoma hoja hiyo leo utadhani imeandikwa juzi. Hakuna mahali ilisemwa kwamba watu wasilipwe. Ilisemwa tu walipwe kwa njia iliyo rahisi kwa mlipaji.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Mwaka 1932, mtu wa Kakamega akipewa shilingi mkononi, angenunua shamba wapi? Ndani ya hifadhi ardhi haikuwa ikiuzwa kama gunia la mahindi. Ilikuwa ya ukoo. Nje ya hifadhi, nyanda za juu zilikuwa za Wazungu. Kwa hivyo ile pesa, hata kama ilihesabiwa vizuri, haikuweza kununua kile ilichokuwa imechukua. Sheria ilimlipa kwa sarafu isiyokubalika katika duka pekee alilohitaji kuingia.

Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952. Jina lilibaki. Hadi leo kuna vijana wa rika langu wanashuka kwenye mashimo pale na tochi kichwani, wakitafuta makombo ya ile dhahabu.

*

Uhuru ulikuja na fidia kamili, lakini uliza ilikuwa ya nani.

Mazungumzo ya Lancaster House yalipokuwa yakiendelea, kati ya 1960 na 1963, walowezi walikuwa na hofu kubwa moja: kwamba serikali ya Waafrika ingetwaa mashamba yao kama yalivyotwaliwa. Kwa hivyo katiba ya uhuru iliwekewa kifungu imara. Mali ya mtu isitwaliwe ila kwa malipo ya haraka ya fidia kamili, na aliyelipwa asizuiwe kupeleka pesa yake nchi yoyote anayotaka. Soma hiyo sehemu ya mwisho pole pole. Babake kukhu hakuwa na akaunti Uswisi.

Mashamba mengi ya walowezi hata hayakutwaliwa. Yalinunuliwa, kwa bei ya soko, katika mipango ya makazi kama ule wa ekari milioni moja, kwa fedha ambazo sehemu kubwa zilikuwa mikopo kutoka Uingereza na kwingineko. Familia zilizogawiwa vipande zilitakiwa kulipa. Watu ambao babu zao walipewa rupia chache za mazao wakajikuta wanadaiwa bei kamili ya udongo uleule.

Sisemi kifungu kile kilikuwa kibaya. Kilikuwa kizuri sana. Shida yangu ni kwamba kinga bora ya mali tuliyowahi kuwa nayo iliandikwa na watu waliokuwa na nguvu ya kuidai, siku ambayo wao ndio walikuwa karibu kupoteza. Wanajua vizuri bei ya kulazimishwa wale ambao zamu yao imefika.

Mwaka 1968 Kenya ikatunga sheria yake yenyewe ya kutwaa ardhi. Bei ya soko ikabaki. Asilimia 15 ikabaki. Kilichobadilika ni maelezo. Kule India ilikuwa malipo ya kulazimishwa. Huku ikaitwa malipo ya usumbufu. Sijui kama kuna mtu alifikiria sana juu ya neno hilo, lakini masikioni mwangu yana umbali. Kulazimishwa ni kitu ambacho mtu amekufanyia. Usumbufu ni kama foleni ya matatu siku ya mvua.

Katiba ya 2010 ilipokuja ilisema vizuri zaidi. Kifungu cha 40 kinataka fidia ya haki, ilipwe yote, na ilipwe upesi. Kikaongeza kwamba malipo yanaweza kutolewa hata kwa watu wanaoishi kwenye ardhi kwa nia njema bila hati. Sheria ya Ardhi ya 2012 ikaweka hatua: tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, kikao cha kusikiliza wenye madai, barua ya kiasi cha fidia, kisha malipo. Mwaka 2017 zikatoka kanuni za kukokotoa fidia, na humo, bila jasho, ikaketi tena: asilimia 15.

Sasa sikia kichekesho. India wenyewe waliiacha hiyo namba. Mwaka 1984 waliipandisha ikawa 30. Mwaka 2013 walitupa sheria yote ya 1894, wakaandika mpya, na nyongeza ikawa asilimia 100 ya thamani iliyokokotolewa. Waliotuletea 15 wameshahama. Sisi tumebaki nayo kama koti la shule la kaka mkubwa.

Kwa hivyo, kukhu, hilo ndilo jibu. Hakuna mtu aliyekuja kupima kuhangaika kwako. Walikikuta kipimo kwenye sanduku.

*

Mnaweza kuniambia kwamba namba ni namba tu, cha muhimu ni watu walipwe. Haya, tuangalie hapo pia.

Mradi wa SGR ulipofunguliwa Mei 2017, moja ya mafunzo yake ilikuwa kwamba fidia ya ardhi inaweza kula pesa nyingi kuliko alivyotarajia mtu yeyote. Walanguzi hununua vipande kwenye njia ya mradi kabla ya tangazo, halafu wanasubiri. Hilo ni tatizo la kweli, na anayelipia ni mimi na wewe, kupitia kodi. Serikali ilikuwa na haki ya kutafuta dawa.

Dawa iliyotungwa ni marekebisho ya sheria ya thamani ya ardhi ya mwaka 2019. Bei sasa itaongozwa na faharasa ya thamani ya ardhi inayoandaliwa na serikali pamoja na kaunti. Na fidia si lazima iwe pesa taslimu. Yaweza kuwa ardhi mbadala, hati ya dhamana ya serikali, haki ya kuendeleza ardhi kwingine, hata hisa katika shirika la serikali. Ikiwa pesa, yaweza kulipwa kwa awamu ndani ya mwaka mmoja.

Ukiwa na kampuni yenye ekari 200 na wakili, hiyo ni orodha ya machaguo. Ukiwa kukhu, na hekta 0.0912, na kaburi, hisa za shirika utazipika na nini? Neno la 2010 lilikuwa upesi. Miaka tisa baadaye upesi ikawa na tafsiri ya mwaka mzima.

Sisemi 2019 ni 1932. Bunge hili tulilichagua, na kurudisha ardhi kwa ardhi, kitu ambacho marekebisho ya 1932 yalikifuta, kumo kwenye orodha mpya, jambo ambalo ningependa litumike zaidi. Ila mwendo naufahamu. Ahadi inaandikwa siku ambayo haigharimu kitu. Kisha dhahabu inapatikana, au reli inachorwa, bili inakuja, na badala ya kulipa bili tunairekebisha ahadi. Kila mara kuna sababu nzuri. Na kila mara mwenye shamba anaisikia ikiwa imeshapitishwa.

Kisha kuna wale ambao hawafiki hata kwenye orodha. Julai 2018, tingatinga ziliingia Kibera kufungua njia ya barabara, nyumba na shule zikaenda chini, maelfu ya watu wakabaki nje na magodoro. Novemba 2021 ikawa zamu ya Mukuru kwa Njenga. Swali la kwanza kwa mtu kama huyo huwa hati iko wapi. Katiba inasema anaweza kulipwa. Anaweza. Neno hilo moja limebomoa nyumba nyingi, maana si sawa na lazima.

*

Nilisema nitaeleza ya chuo.

Mpango wa familia ulikuwa hivi: kile kipande cha mbele, cha barabarani, kingekodishwa kwa mtu wa vifaa vya ujenzi. Alikuwa ameshakuja kukiona mara mbili. Kodi yake ndiyo ingenimalizia karo. Vigingi vilipokuja, mtu wa vifaa hakuonekana tena, na nani angemlaumu. Tukajiambia si neno, fidia inakuja, tena ni kubwa kuliko kodi.

Lakini hati ya shamba ilikuwa bado na jina la guga, na guga alifariki 1998. Hakuna aliyewahi kufungua mirathi. Hilo ni kosa letu, silifichi. Watoto saba, kila mmoja aliamini mwingine analifuatilia, na kusema kweli nani hukimbilia kugawa shamba mamake akiwa hai? Ofisi ikasema pesa haiwezi kutoka kwa jina la marehemu. Tukaenda kortini. Kesi ikaahirishwa, faili ikapotea, faili ikapatikana, amu mmoja akataka ihesabiwe kwamba yeye ndiye aliyejenga ua. Wakati huo barabara haikuwa ikisubiri mirathi. Guga alihamishwa asubuhi ya Jumamosi na mchungaji na vijana sita, akawekwa nyuma karibu na migomba. Kukhu alitembea nyuma ya jeneza kwa mara ya pili kwa mume mmoja.

Nilirudi chuoni muhula mmoja zaidi kwa mchango wa wajomba. Wa pili sikurudi. Sikufukuzwa wala sikuaga. Nilibeba begi, nikapanda basi la Nairobi.

Pesa ilitoka miaka minne baada ya ile karatasi. Kiasi kilekile: 1,140,000, na 171,000 ya usumbufu. Sheria hupima bei ya siku ya tangazo. Lakini tangazo ndilo lililoleta barabara, na barabara ilileta wanunuzi, na kufikia siku tunalipwa hakukuwa na kipande cha ukubwa ule kando ya lami ambacho mtu angetuuzia kwa pesa ile. Ikagawanywa kwa watu saba. Kukhu alinunua ng'ombe, paa jipya na miwani.

Nimejaribu kuwa na hasira na barabara na imenishinda. Ni barabara nzuri. Mgonjwa akitoka kwetu anafika hospitali haraka, mahindi hayaozi tena njiani, na mimi mwenyewe ninaipita Desemba nikienda nyumbani na ninafurahia vile gari haliruki. Watu wa gari hilo wote wamefaidika. Ninachouliza ni kwa nini sisi tulio ndani tunalipa nauli tu, na kukhu amelipa kaburi. Fidia ya haki, nionavyo mimi, maana yake ni kwamba asiwepo mtu mmoja anayebeba mzigo wa barabara ya watu wote. Kama barabara ni rahisi kwa sababu tumemlipa kukhu kidogo, au tumemlipa kwa kuchelewa, basi haikuwa rahisi. Yeye ndiye aliyetukopesha.

Mwezi uliopita nilienda nyumbani nikamweleza yote haya, India na dhahabu na Lancaster. Alisikiliza akichambua mboga. Nilipofika kwenye Wahindi kupandisha yao ikawa mia kwa mia, akacheka hadi akatoa miwani.

"Kwa hivyo waliolipwa kwa kumi na tano ni sisi tu."

"Karibu hivyo."

Akachambua majani mengine mawili matatu. Kisha akasema kuna watu walikuja wiki jana, wamevaa majaketi ya kijani, wanapima upande wa nyuma. Walisema ni laini ya umeme. Hawakusema zaidi.

Upande wa nyuma ndiko kuna migomba.

Siku hizi kila Ijumaa, kabla sijaanza kazi ya watu, ninafungua Gazeti Rasmi kwenye simu na kutafuta nambari ya shamba letu. Safari hii hati ina jina la kukhu.